Mche mama wa pilipili manga: uubakize mtini, uulaze kwenye mwanzi au uufuge kwenye kiriba?

Kuanzia Misalai na Zirai, milimani wilayani Muheza mkoani Tanga, hadi mashamba ya chini kuelekea Muheza mjini, swali la anayetaka kuongeza pilipili manga ni lile lile kila mwaka: miche itoke wapi? Mbegu haifai kwa kazi hii. Mche wa mbegu haufanani na mzazi wake na huchelewa mno kuzaa, kwa hiyo kila mtu anarudi kwenye marando, yaani matawi marefu ya kukata na kupanda. Na rando zuri halipatikani pasipo mche mama uliochaguliwa, ukatunzwa, ukalishwa kwa kazi hiyo.

Njia zinazotumika za kuutunza ni tatu. Ya kwanza ni kuuacha shambani juu ya mti wake na kukusanya marando yanayotoka kitakoni. Ya pili ni kuupanda kwenye mtaro na kuuongoza juu ya nusu za mwanzi zilizoinamishwa. Ya tatu ni kuufuga ukiwa mdogo ndani ya kiriba (mfuko wa nailoni wa kuoteshea miche) na kulilaza rando lake kiriba kwa kiriba, kila kifundo (pale jani linapotokea) kikitoa mizizi mahali pake. Zote tatu zimejaribiwa sana India na Sri Lanka, na zote zinawezekana Tanga. Hazimfai mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Ya kupima kabla ya kuchagua

Anza na hesabu ya miche unayohitaji. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inaingia nguzo hai (miti inayopandiwa na pilipili) kama 450. Kila nguzo hupewa miche miwili, kwa hiyo unahitaji miche 900 hai siku ya kupanda, na kitaluni uanze na 1,000 au zaidi kwa sababu lazima mingine itakufa. Mwenye nguzo 40 za kuziba mapengo anahitaji 80 tu. Hawa wawili hawana sababu ya kufanya kazi moja.

Kisha pima tarehe. Miche inatakiwa kuingia shambani mwanzoni mwa masika, mwishoni mwa Machi hadi Aprili, ikiwa na majani manne au matano. Rudi nyuma kutoka hapo. Angalia pia maji na mikono: nani atamwagilia Januari na Februari wakati kaskazi inavuma? La nne ni afya, maana mche mama mgonjwa husambaza ugonjwa kwa kasi ile ile unayosambazia miche. La tano ni gharama na nafasi.

Kabla ya yote hayo kuna jambo ambalo njia yoyote haiwezi kulirekebisha, nalo ni ubora wa mpilipili manga unakotoa rando la kwanza. Uchague wakati wa mavuno, si wakati wa kukata. Tafuta mti wenye umri wa miaka 5 hadi 12 uliozaa vizuri misimu kadhaa mfululizo, mashuke marefu yaliyojaa punje bila mapengo. Ufunge kitambaa au upake rangi kwenye nguzo yake ili usiusahau. Ukiona majani madogo yaliyokunjamana yenye mabaka ya njano na pingili (sehemu ya shina kati ya kifundo na kifundo) fupi kuliko kawaida, uache: hivyo ni virusi, na virusi huhamia kwenye kila kipando. Majani yanayopauka taratibu mwaka hadi mwaka huku mti ukidhoofika mara nyingi ni minyoo fundo kwenye mizizi. Madoa meusi yenye kingo zilizochanika-chanika kama nyuzi ni kuvu la kuozesha shina. Mti wa jirani yake nao usiuguse, hata kama unaonekana mzima.

Chagua pia aina ya rando. Mpilipili manga una matawi ya namna tatu: yanayotambaa kutoka kitakoni, yanayopanda na kushika nguzo kwa mizizi midogo, na ya pembeni yanayozaa mashuke. Njia zote tatu tunazolinganisha hutumia yale yanayotambaa. Kipando cha tawi la pembeni kitatoa mizizi, tena kitazaa mapema, lakini hakipandi. Kinabaki kichaka. Wapo waliouziwa vipando vya namna hiyo, wakakaa mwaka mzima wakisubiri vishike mti.

Mche mama ulioachwa mtini

*Jinsi unavyofanywa.* Mti uliouchagua unabaki mahali pake, juu ya gliricidia, mfenesi au nguzo nyingine hai. Kitakoni huchomoza marando yanayotambaa. Yakiachwa yaguse udongo, yataota mizizi kila kifundo na kuleta uchafu wa udongo kitaluni. Kwa hiyo chomeka kigingi kando ya shina na uyazungushie hapo, yakae juu juu. Novemba hadi Desemba, vuli ikiwa bado ina unyevu, yakate. Acha ncha laini na acha kitako kigumu, chukua sehemu ya katikati. Gawa vipando vya vifundo viwili au vitatu, ondoa majani ukibakiza kikonyo, na uchomeke kwenye viriba kifundo kimoja kikiwa ndani ya udongo kabisa.

*Idadi na muda.* Hapa ndipo njia hii inapobana. Rando lenye vifundo 15, ukiondoa ncha na kitako, linabaki na kama 9 au 10, sawa na vipando 3 hadi 5. Tena ni mara moja kwa mwaka. Mizizi hutoka baada ya mwezi hadi mwezi na nusu, hivyo ukikata mapema Desemba unaiwahi masika.

*Maji na mikono.* Mche mama wenyewe hauhitaji zaidi ya samadi na palizi ya kawaida. Kazi yote inakuja baada ya kukata.

*Afya.* Faida yake kubwa ni kwamba mti unauona ukizaa. Huna shaka na unachozalisha. Hasara ni kwamba uko shambani, kwenye udongo usioutawala, na minyoo fundo haionekani kwa macho mpaka uchimbue mizizi. Usikate marando masika. Mvua za Aprili na Mei ndizo zinazotawanya kuvu la kuoza shina, na jeraha bichi ni mlango.

*Gharama.* Karibu hakuna: kisu kikali, vigingi, viriba.

*Unamfaa nani.* Mkulima wa Amani au Kwezitu mwenye miti yake iliyokomaa, anayehitaji miche makumi kadhaa, na asiye na mtu wa kukaa kitaluni kila siku.

Mche mama kwenye mwanzi

*Jinsi unavyofanywa.* Chimba mtaro wa kina cha sentimita 45 na upana wa sentimita 30, urefu kadiri ya nafasi yako. Ujaze mchanganyiko wa udongo mweusi, mchanga na samadi iliyooza, sehemu sawa. Udongo wa msituni huandikwa katika maelekezo mengi ya njia hii, lakini usiuchukue ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani; ule wa chini ya migomba au mifenesi yako, uliofunikwa majani kwa miaka, unatosha.

Pasua mianzi yenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 10 na urefu wa mita 1.25 hadi 1.5, katikati. Jenga mwega imara, uzilaze nusu hizo kwa mwinamo wa nyuzi 45, tumbo la mwanzi likitazama juu na mguu wake ukigusa mtaro. Zinaweza kugusana ubavu kwa ubavu. Panda mche mmoja wenye mizizi kwa kila nusu. Unavyorefuka, jaza mwanzi mchanganyiko wa vumbi la makumbi ya nazi na samadi nusu kwa nusu, kisha funga rando kwa nyuzi za ganda la mgomba ili kila kifundo kibanwe kwenye mchanganyiko. Usijaze mwanzi wote siku ya kwanza. Utakauka juu kabla rando halijafika.

Hapa watu wa pwani wawe macho na makumbi. Yale yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Usiyatumie bila kuyaloweka kwenye maji yasiyo na chumvi, ukamwaga na kurudia angalau mara tatu. Dalili za chumvi ni kingo za majani kuungua na vifundo kukataa kutoa mizizi, na wengi huzidisha maji wakidhani ni kiu, wakazidi kuuharibu mche.

Rando likifika juu ya mwanzi, baada ya miezi mitatu au minne, kata ncha na uponde shina taratibu kwenye kifundo cha tatu kutoka chini. Kuponda huko huamsha macho yaliyolala kwenye makwapa ya majani. Subiri kama siku 10, macho yakianza kuvimba, kata pale palipopondwa na uliinue rando zima pamoja na mizizi yake. Likate kifundo kimoja kimoja. Vifundo vitatu vya chini vinabaki kuchipua upya.

*Idadi na muda.* Kiwango kinachotumika kupangia kazi ni kipando 1 kuzaa 40 kwa mwaka. Kwa ekari moja, tayarisha nusu za mwanzi 25 hadi 30. Baada ya kukatwa, kila kifundo huingia kwenye kiriba na kukaa mahali pa baridi penye unyevu, au chini ya nailoni nyembamba, mpaka jicho lifunguke baada ya wiki kama tatu. Wanaokosea hatua hii hupoteza miche mingi kuliko hatua nyingine yoyote, kwa sababu kifundo kimetolewa penye mizizi imara na kuhamishiwa pageni siku hiyo hiyo.

*Maji na mikono.* Kila siku, na kaskazi ikikaza mara mbili. Mwanzi ulioinama hutiririsha maji haraka. Lisha mara moja kwa mwezi: katika ndoo ya lita 10 yeyusha gramu 40 za urea, 30 za superfosfeti, 20 za potashi na 10 za magnesiamu salfeti, na kila mche upewe robo lita. Superfosfeti haiyeyuki yote. Iloweke jioni, utumie maji ya juu asubuhi.

*Afya.* Mchanganyiko wa ndani ya mwanzi ni safi kuliko udongo wa shamba, ila mtaro ni mmoja kwa wote. Mche mmoja ukipata kuvu la shina, maji ya mtaro yanalipeleka kwa majirani.

*Gharama.* Mianzi, mwega, siku kadhaa za kazi. Mwanzi usiotibiwa huliwa na mchwa na kubadilishwa ni lazima.

*Unamfaa nani.* Kikundi au mwenye kitalu cha kuuza, penye mianzi karibu, maji ya kudumu na mtu anayelipwa kukaa hapo.

Mche mama mdogo kwenye kiriba

*Jinsi unavyofanywa.* Hii inahitaji maelezo zaidi kwa sababu ina mambo madogo mengi yanayoamua matokeo.

Tengeneza udongo kwanza. Changanya sehemu 2 za udongo, 1 ya mchanga wa mto na 1 ya samadi iliyooza. Ulowanishe, utandaze kwa kina cha sentimita 15 hadi 20 juani, uufunike kwa nailoni angavu na kuziba kingo zote kwa udongo. Uache siku 45. Januari na Februari ni miezi mizuri kwa kazi hiyo hapa kwetu, jua ni kali na mvua haba. Joto la ndani linapunguza minyoo fundo, kuvu na mbegu za magugu. Nailoni nyeusi haifanyi kazi hiyo vizuri, kwani joto hubaki kwenye nailoni yenyewe.

Panda mche wenye mizizi kwenye kiriba chenye nusu kilo ya mchanganyiko. Huo ndio mama. Mama akishatoa vifundo vichache, weka viriba vidogo vya sentimita 20 kwa 10, vilivyojazwa na kutobolewa chini, mstari mmoja mbele yake, kimoja chini ya kila kifundo. Bonyeza kifundo kiguse udongo na ukishikilie kwa chelewa (uti wa jani la mnazi) iliyokunjwa umbo la V. Chelewa mbichi hukunjika bila kukatika. Kavu hukatika na kuchoma shina. Kifundo kisichobanwa kitabaki kikielea nusu sentimita juu ya udongo, na mizizi yake itakauka ikiwa ncha nyeupe tu. Pita kila baada ya siku tatu nne, bana kipya, ongeza kiriba.

Baada ya miezi mitatu, vifundo 10 hadi 12 vilivyo karibu na mama vitakuwa na mizizi ya kutosha. Vuta kimoja kidogo juu: kikigoma, kiko tayari. Kata kwenye pingili, chini kidogo ya kifundo chenye mizizi, na ile ncha iliyokatwa uifukie ndani ya kiriba hicho hicho, nayo itaongeza mizizi. Mche hauhami, haushtuki. Mama anabakiza vifundo vyake vya chini na kuchipua tena.

*Idadi na muda.* Wastani ni miche 60 kwa mama mmoja kwa mwaka, kwa hiyo mama 15 hufika 900 na 20 wanakupa nafasi ya kupoteza. Anza Juni, masika ikipungua. Mkato wa kwanza utakuwa Oktoba au Novemba, wa pili Januari. Miche ya Januari inapata miezi miwili na zaidi kabla ya kwenda shambani. Ya baada ya katikati ya Februari iache isubiri vuli.

*Maji na mikono.* Udhaifu wake uko hapa. Kiriba kidogo kina udongo kiganja kimoja. Siku mbili za kaskazi bila maji zinatosha kuua mizizi michanga ya mstari mzima, na majani hayatakuonyesha mpaka wiki inayofuata kwa kuwa bado yananyonya kutoka kwa mama. Weka kivuli cha nusu hadi robo tatu, makuti au neti, na ukinge upande wa upepo. Karibu na bahari, onja maji ya kisima. Yenye munyu usiyatumie.

*Afya.* Kila mama yuko peke yake. Akiugua, unamtoa na mstari wake, wengine hawaguswi, na hilo ni jambo kubwa sana. Kwa upande mwingine viriba vilivyobanana huhifadhi unyevu, na madoa ya majani hupenda hapo. Mvua zikianza nyunyiza maji ya mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa: gramu 100 za mrututu katika lita 5, gramu 100 za chokaa katika lita 5 nyingine, vyombo vya plastiki, kisha mimina vyote viwili pamoja kwenye chombo cha tatu. Chovya kisu kisafi. Kikitoka na rangi ya kutu, ongeza chokaa. Tumia siku hiyo hiyo.

Mama wa kiriba anachoka. Mizizi ikijizungusha ukutani, pingili hufupika na majani hupungua upana. Usisubiri. Kila mwaka teua mche mmoja wa kifundo cha karibu zaidi na mama, mzima na mnene, uwe mama wa mwaka ujao, na yule wa zamani umpande shambani. Atazaa kama wengine.

*Gharama.* Viriba, nailoni na muda. Nafasi ya mita 2 kwa 3 inachukua mama 15 na mistari yao.

*Unamfaa nani.* Mtu mwenye maji nyumbani na anayepita kitaluni kila asubuhi. Mama mmoja au wawili wa thamani, labda wametoka mti wa mbali, hulindwa vizuri kwa njia hii.

Kwa hali yako

Kama una miti mizima iliyokomaa na unaziba mapengo ya nguzo chini ya 50, baki na marando ya mtini. Kama mti wako bora ni mmoja tu, njia hiyo itakuchukua miaka; toa rando moja safi na ulianzishe kwenye kiriba.

Kama unapanda ekari nzima masika ijayo na leo ni Juni, kiriba kinawezekana, ila uwe na mama zaidi ya 20, maana utapata mikato miwili tu. Ikiwa ni Oktoba na hujaanza, usilazimishe: panda kidogo kwa marando ya mtini masika, na uandae mama kwa ajili ya vuli.

Kikundi kinachouza miche kwa maelfu, chenye mtunza kitalu, kinaweza kuanza kwenye viriba mwaka wa kwanza ili kuzidisha mama waliothibitishwa, kisha kuwahamishia kwenye mianzi mwaka wa pili. Kuanzia kwenye mwanzi moja kwa moja kunamaanisha kuzidisha miche ambayo bado hujaipima.

Aliyeko Maramba au maeneo ya chini yenye joto anaweza kutumia yoyote, kivuli kikiwa kizito zaidi kuliko kule Amani kwenye mita 900. Pongwe na Tanga mjini, penye upepo wa chumvi, kiriba nyuma ya nyumba ndicho rahisi kukinga, ila miche yake ipelekwe kupandwa kwenye udongo wenye rutuba na mvua zaidi.

Na anayetaka pilipili ya jikoni tu, barazani, hahitaji mche mama. Achukue tawi la pembeni lenye vifundo vitatu hadi vitano, alipande kwenye chungu cha kilo 10 za udongo, alipe kivuli na subira ya mwezi na nusu hadi miwili litoe mizizi. Kitakuwa kichaka kifupi kinachozaa mashuke pale pale, na marando yoyote yanayoning'inia ayakate.